Marehemu Anaomba Kuongea

Pale ofisini hakuna aliyemwita kwa jina alilopewa na wazazi wake. Walimwita Semina, na jina hilo alilitolea jasho. Alikuwa afisa mipango wa Idara ya Wastaafu, mtu wa makamo, kitambi kinamtangulia mlangoni na sauti laini kama ya msomaji wa matangazo ya vifo redioni. Kukiwa na semina ya ufugaji wa nyuki, yumo. Kukiwa na warsha ya wanawake na uongozi, yumo, tena mstari wa mbele, anatikisa kichwa na kuandika. Vile vitambulisho vya kuning'iniza shingoni alikuwa navyo droo nzima, na mkewe alishaanza kuchomoa kamba zake kufungia mapazia.

Kwa hiyo Mkurugenzi alipotaka mtu wa kutafuta wadau wa mfumo mpya, hakuangaza macho mbali.

Mfumo wenyewe ulikuwa wa kuhakiki wastaafu. Siku zote mambo yalikwenda kizamani: kila baada ya miezi kadhaa mzee anajikongoja mpaka idarani, karani anamtazama, anaona anapumua, anagonga mhuri, mafao yanaendelea. Mkurugenzi alikuwa ameyachoka hayo. Wazee walijaa korido nzima, fimbo zao wameziegemeza kwenye ukuta uliotoka kupakwa rangi, wanakohoa, wanasimuliana habari za magoti, na kila akipita wanamsimamisha kumuuliza yeye ni mtoto wa nani.

"Tunaingia kidijitali," alimwambia Semina, huku kiti chake kikizunguka. "Mashine inasoma kidole, inasoma sura, inajua nani yuko hai na nani ametangulia. Mzee hana haja ya kuonekana hapa tena. Lakini wafadhili wamekaza, hawatusogezi hata hatua moja mpaka tutambue wadau. Nenda ukawatambue."

"Wangapi, bosi?"

"Wa kutosha kujaza ukumbi."

Semina akaingia kazini, na kusema kweli kazi hiyo aliifanya kwa moyo. Akatambua mabenki, kwa sababu ndiko mafao yanakopitia. Akatambua kampuni za simu. Akatambua shirika la umeme, kwa kuwa mashine hazili majani, na zimamoto, kwa kuwa penye umeme pana moto. Idara ya Mifugo hakuna aliyejua inatafuta nini, ila ukiiacha inalalamika kwa barua. Shemeji yake Mkurugenzi, mwenye kukodisha viti na mahema, akaingia kama sekta binafsi. Na wapishi wa hoteli, baada ya Semina kuonja sampuli ya chakula chao, nao wakaonekana kuwa na mchango mkubwa kwenye teknolojia.

Ukumbi ukajaa. Mshauri aliyeletwa na wafadhili, kijana wa suti iliyombana mpaka akipiga chafya watu wanaogopea vifungo, akachora ubaoni boksi kubwa lenye vyumba vinne.

"Wadau wanapimwa kwa nguvu na hamu," alisema. "Mwenye nguvu na hamu, tunamkumbatia. Mwenye nguvu bila hamu, tunamridhisha. Mwenye hamu bila nguvu, tunampa taarifa. Asiye na nguvu wala hamu, tunamwangalia kwa mbali."

Asubuhi yote ikaisha kwa kugombania vyumba. Kila mtu alitaka kukumbatiwa. Afande wa zimamoto alisimama akasema taasisi yake haijawahi kuangaliwa kwa mbali, na haitaanza leo. Shemeji wa viti akauliza, bila viti huo mkutano wangeufanya wamechuchumaa? Akaingizwa chumba cha kwanza. Idara ya Mifugo ikaingia chumba cha kwanza kwa sababu hakuna aliyekuwa na nguvu ya kubishana nayo karibu na saa ya chakula. Mwishowe chumba cha kwanza kilifurika kama basi la sikukuu, na vile vitatu vingine vikabaki vitupu.

Watu walikuwa wameshaanza kusukuma viti nyuma pale mama mmoja wa benki aliponyoosha kidole. "Samahani. Na wastaafu wenyewe wako chumba gani?"

Mtu mmoja akacheka kidogo, akaona amecheka peke yake, akaacha.

"Wale si wadau," Mshauri alijibu bila kusitasita. "Wale ni wanufaika."

Semina akaona huo ni usemi wa kisomi. Akauandika, akaupigia mstari chini.

"Hamu wanayo, nguvu hawana," Mshauri aliendelea. "Hao watapelekewa taarifa tu, kwa meseji."

Kazi ya kutunga hizo meseji akapewa Semina, na hapo kipaji chake kikachanua. Akatunga ya kumwita mzee kituoni, ya kumshukuru akishahakikiwa, na ya tatu, ya kutumwa kwa ndugu pale mfumo utakapoona mstaafu hayupo tena duniani. Hiyo ya tatu aliihangaikia kwa siku kadhaa. Alitaka iwe na staha. Alipomsomea mkewe, mwalimu wa shule ya msingi, mkewe alisema inagusa, kisha akauliza kama amelipia gesi.

Jumapili wakaenda kumwona mama mzazi wa Semina. Bibi huyo alikuwa mkunga mstaafu, na hata leo mtaa mzima ulimwita Mama Mkunga. Aliishi kwa dada mkubwa wa Semina, fundi cherehani mwenye banda lake mbele ya nyumba, upande wa pili wa mji. Semina akajinyoosha kwenye kochi, akamweleza mama yake neema iliyokuwa njiani.

"Mama, safari hii huji tena kupanga foleni ofisini kwetu. Wewe ni mnufaika."

"Mnufaika ndiyo nani?"

"Ni mtu anayefaidika na mradi."

"Kwa hiyo mimi nafaidika kwa kuulizwa kama bado sijafa." Mama alimtazama juu ya miwani. "Na hao mliokaa nao mkapanga, ni wazee wenzangu?"

"Hao ni wadau, mama. Ni mambo ya kitaalamu."

"Haya. Asiyekuwepo na lake halipo," mama akasema, akarudi kwenye kufuma kitambaa chake. Semina akadhani amekubaliana naye.

Mashine zikafungwa, wazee wakaanza kuitwa vituoni, na kwa wiki za mwanzo Semina alitembea kifua mbele. Kisha ikaja asubuhi ya kikao cha maendeleo ya mradi. Mkurugenzi alikuwa anasoma takwimu, Mshauri anabonyeza picha za rangi ukutani, na simu ya Semina ikatetemeka mezani. Akaifungua chini ya meza, kama mwanafunzi.

"Mpendwa ndugu. Kwa moyo mzito tunakujulisha kuwa mstaafu wetu, mama yako mzazi, ametutoka. Alitumikia taifa kwa mikono yake. Pumzika, shujaa. Idara inaungana nawe katika kipindi hiki kigumu."

Semina akaisoma, na roho ikamruka. Hakukumbuka kwamba maneno yale aliyatunga yeye. Aliona tu jinsi yalivyo mazuri, na uzuri wake ndio uliommaliza. Alipofika kwenye "pumzika, shujaa" akapiga ukelele uliomfanya Mshauri aangushe kibonyezeo.

"Mama!" alilia. "Mama yangu jamani!"

Simu ikapita mkono kwa mkono. Mkurugenzi akaisoma, akavua miwani, akamshika Semina bega. Kisha akawageukia wenzake na, ingawa uso ulikuwa wa majonzi, sauti ilikuwa na fahari fulani ndani yake. "Poleni sana. Lakini muone wenyewe. Mfumo umejua kabla hata ya familia."

"Papo kwa papo," Mshauri akaongeza, akiandika.

Semina akampigia dada yake. Simu ikaita mpaka ikachoka. Akapiga tena, vilevile. Hapo hakuhitaji ushahidi mwingine: kwenye msiba nani ana nafasi ya kupokea simu? Kikao kikaahirishwa. Makatibu wakaenda kununua shada la maua, madereva wakawasha magari, na shemeji wa viti, ambaye alikuwepo kikaoni kama mdau wa chumba cha kwanza, akatoka nje kuagiza lori, hema na viti kwa hisani ya sekta binafsi. Njia nzima Semina alilia kwenye kiti cha mbele. Alikumbuka mengi. Zaidi alikumbuka kwamba Jumapili mbili zilizopita hakwenda kumwona, kwa sababu kulikuwa na kongamano.

Magari yakasimama mbele ya banda la ufundi. Cherehani ilikuwa inanguruma ndani, jambo lililompitia Semina bila kumgusa. Akapita uchochoroni kuelekea uani, wenzake nyuma yake wamepanga mstari kwa unyenyekevu. Uani kulikuwa kumeanikwa shuka kubwa jeupe, na chini ya shuka ilionekana miguu miwili iliyovimba kidogo, ndani ya ndala za bluu.

Miguu ile angeitambua popote.

Shuka likasogezwa. "We," alisema mama yake, vibanio vya nguo viwili mdomoni. Akavitoa. "Mbona saa hizi? Umefukuzwa kazi?"

Semina akakaa chini, palepale kwenye maji ya sabuni.

Mama akawaona wengine: Mkurugenzi na shada lake, makatibu wenye vitambaa mkononi, Mshauri na suti yake. Uso ukambadilika. "Nani kafa?"

Makatibu wakatazamana.

"Nauliza nani kafa! Mmebeba maua, mnalia, mnataka nishtuke moyo? Ni mkwe wangu? Ni wajukuu?"

"Hapana, mama," Mkurugenzi akasema, shada akilificha mgongoni kama mtoto aliyekutwa ameiba sukari. Wakati huohuo lori likapiga honi barabarani, na sauti ya mtu ikasikika ikiuliza viti vya msiba vishushwe wapi.

"Msiba wa nani?" mama akauliza kwa sauti ya chini, ile ambayo Semina aliiogopa tangu utotoni.

"Wako, mama," Semina akasema kutoka chini.

Dada yake alikuwa ametoka bandani, futi ya kupimia shingoni. Alisikia hayo ya mwisho, akashika kiuno, akacheka mpaka akaegemea ukuta. Mama hakucheka. Aliwahesabu wageni kwa macho, mmoja mmoja.

"Mmekuja wengi," alisema. "Nilipokuwa hai hamkuja hata mmoja."

Ikabidi wakalishwe, na viti kwa bahati vilikuwepo vya kutosha. Mama akawaeleza. Alikwenda kituoni kama alivyoitwa. Binti wa mashine akamwambia aweke kidole. Mashine ikakataa. Akaweka kingine, ikakataa vyote. Alikuwa ameosha mikono hiyo kwa maji ya dawa maisha yake yote ya kazi, kabla ya kila mtoto na baada ya kila mtoto; alama zilishaondoka na yale maji. Basi binti akasema watatumia sura.

"Ikaniambia nikonyeze," mama akasema. "Mimi, na umri huu, nikonyeze mashine. Nikasema haya, na lifanyike. Nikakonyeza. Jicho hili la kushoto haliteremki sawasawa tangu lile tatizo la mishipa. Mashine ikasema hakuna mtu. Nikakonyeza tena, ikasema hakuna mtu. Binti akaniambia, bibi nenda nyumbani, utajulishwa. Kumbe wa kujulishwa ni huyu."

Akamwelekezea Semina kidole kisicho na alama.

Mkurugenzi akaomba radhi kwa maneno marefu, akasema ni changamoto ndogo ya kitaalamu, akaaga. Alipofika mlangoni mama akamwita shemeji wa viti. "Baba, viwili niachie. Vyangu vimevunjika miguu." Mwenye viti alimtazama Mkurugenzi, Mkurugenzi akatazama juu, na viti viwili vikabaki.

Semina alidhani kilichobaki ni kazi ya dakika chache. Kesho yake akashuka kwenye chumba cha mitambo, ambako fundi wa mfumo alikuwa anakula karanga mbele ya kompyuta.

"Mrudishe mama yangu," akamwambia.

"Kumrudisha wapi?"

"Kwenye uhai."

Fundi akafuta chumvi mikononi, akamwonyesha kioo. "Tazama, kaka. Kufa kupo, kuna kitufe kabisa. Kufufuka hakupo."

"Kwa nini hakupo?"

"Hakuna mdau aliyeomba. Mimi nimejenga mlichoandika. Mkitaka kitufe kipya, wadau wote wa chumba cha kwanza waridhie kwa maandishi, ndipo naruhusiwa kugusa."

Na chumba cha kwanza, kama tujuavyo, Semina alikijaza mwenyewe mpaka mlangoni.

Akaanza kuzunguka. Benki wakamwambia watatoa ridhaa akileta hati ya kubatilisha cheti cha kifo. Akasema cheti cha kifo hakipo kwa sababu mama hakufa. Wakamwambia basi akalete kwanza cheti cha kifo. Afande wa zimamoto alitaka kukagua. Idara ya Mifugo iliandika barua kuuliza kama ufufuaji huo utagusa na wanyama, na kama ndiyo, kwa nini haikushirikishwa mapema. Watu aliokula nao, aliocheka nao, aliowasifia kwenye ripoti kwamba ni nguzo za mradi, sasa kila mmoja alikuwa nguzo kwelikweli: humsogezi.

Kule nyumbani mambo yalikuwa yanachacha. Mama alikwenda zahanati kuchukua dawa zake za presha, kadi ikakataa. Mhudumu akamwambia kwa upole kwamba marehemu hawana huduma. Semina akawa ananunua mwenyewe zile alizozimudu, anazipeleka kimyakimya. Dada yake alizipokea mlangoni bila kumkaribisha ndani. Mke wake ndiye aliyemmaliza kabisa. Walikuwa wanakula, watoto wapo, akasema bila hata kuinua macho: "Umetambua wadau mpaka zimamoto. Mama yako mzazi ndiye umeshindwa kumtambua."

Semina akasukuma sahani. Alitaka kujibu kitaalamu, na jibu alilokuwa nalo lilikuwa ni lile la wanufaika. Akanywa maji.

Baadaye, baada ya kubembeleza sana, Mkurugenzi akakubali kuitisha mkutano wa wadau, ajenda ikiwa "maboresho madogo". Semina hakumwambia mama yake. Lakini mama alikuwa na watu wake. Pale zahanati alikutana na marehemu wenzake waliofukuzwa dirishani: dereva mstaafu wa treni ambaye vidole vilikatika viwili kazini, tarishi mstaafu wa posta ambaye alipoambiwa atabasamu alikataa kwa sababu meno yalikuwa kwa fundi, mwalimu mstaafu wa hesabu, na wengine. Katibu mmoja kati ya wale waliokuja kwenye msiba akamtonya siku na hoteli.

Siku ya mkutano, binti wa mapokezi alikuwa mezani na vitambulisho vyake pale kundi la wazee lilipoingia, fimbo zikigonga vigae.

"Karibuni. Mnatoka taasisi gani?"

"Sisi ni marehemu," Mama Mkunga akasema.

Binti akapitisha kalamu kwenye orodha, juu mpaka chini. "Samahani, hamumo."

"Ndiyo maana tumekuja. Tuandike."

Binti alikuwa mgeni kazini, hakutaka kugombana na watu wazima. Akachukua kalamu nene akawaandikia kila mmoja MAREHEMU, akawavalisha shingoni, akawapa na chupa ya maji. Wakaingia, wakakaa mstari wa mbele.

Semina alikuwa kwenye meza ya katibu, kipaza sauti mkononi. Alipomwona mama yake amevaa kitambulisho hicho, jasho lilimtoka hadi kwenye soksi. Mkurugenzi akafungua mkutano, akajifanya haoni. Alifika katikati ya shukrani, mkono wa Mama Mkunga ukanyooka.

"Mwenyekiti," mwalimu wa hesabu akasema kwa sauti ya darasani, "marehemu anaomba kuongea."

Minong'ono. Mshauri akaruka. "Mwenyekiti, utaratibu! Wanaochangia ni wadau waliotambuliwa. Hawa hawako kwenye boksi."

"Waingie cha tatu," mtu wa kampuni ya simu akapendekeza.

"Cha tatu ni cha wenye hamu," Idara ya Mifugo ikapinga. "Marehemu hana hamu."

Wakabishana hivyo kwa bidii, watu wazima wenye familia zao, kama marehemu awekwe na wasio na nguvu au na wasio na hamu, na marehemu wenyewe wamekaa mbele yao wanakunywa maji. Mama hakushusha mkono. Alikuwa anamtazama mwanawe tu. Mkurugenzi naye alikuwa anamtazama, na macho ya Mkurugenzi yalisema: kaa hapohapo.

Semina alikuwa amekaa hapohapo maisha yake yote, na kulimfikisha mbali. Hata siku hiyo hakuinuka kwa ushujaa. Aliinuka kwa sababu mkono wa mama yake ulikuwa umeanza kutetemeka, na yeye ndiye aliyekuwa akijua ni dawa gani haijanywewa. Akainuka na kipaza sauti. Waya ulikuwa mfupi, ukamkwamisha katikati ya njia, nusura aangushe spika. Mama ikabidi amfuate yeye.

"Asante, mwanangu," alisema, na spika ikalisambaza neno hilo ukumbi mzima. Wadau wakageuka kumtazama Semina.

"Sitawachelewesha, naona chakula kinakuja," mama akaendelea. "Mimi sina haja ya kuwa mdau. Naona zimamoto mpo, ahsanteni, mnapendeza na magwanda yenu, sijui moto uko wapi. Nataka dawa zangu. Mwenyekiti, unaniona?"

"Nakuona, mama."

"Napumua?"

"Unapumua."

"Basi andika."

"Mama yangu, si rahisi kiasi hicho. Mfumo—"

"Haina neno," dereva wa treni akadakia kutoka kitini, bila kipaza sauti na bila kukihitaji. "Mfumo hauoni, wewe unaona. Tutakuja kwako kila siku utuone, mpaka nao uone."

Na walikuja. Kesho yake korido ilikuwa na wazee wengi kuliko wakati wowote. Keshokutwa walikuwa wamefika mpaka kwenye ngazi, kwa maana habari zilishaenea na kila kona ya mji ilikuwa na marehemu wake. Walimsalimia Mkurugenzi akiingia, wakamsalimia akienda msalani, wakamngojea, wakamsalimia akirudi. "Shikamoo" hawakumpa, ila walimpa kila swali jingine: mtoto wa nani, kaoa wapi, mgongo unamsumbua? Ukuta ukachafuka tena kwa fimbo. Wafadhili nao walikuwa wamepanga kuja kukagua mafanikio.

Mkurugenzi akamwita Semina, mlango wakaufunga. Hakumfokea. Alimwambia tu kwamba, kwa kuwa yeye ni mtu wa watu, ameteuliwa kusimamia dirisha la muda: meza, kiti na mhuri, pale nje kwenye korido. Atawatazama wazee kwa macho yake na kuthibitisha wako hai, na mhuri huo utakubalika benki na zahanati, mpaka awamu ya pili ya mfumo.

"Na awamu ya pili ni lini, bosi?"

"Wadau watakapopatikana."

Ripoti ya mradi ikaandikwa na Mshauri, ikajaa picha. Ilisema mfumo umefaulu, na kwamba katika hatua ya kupigiwa mfano lilitambuliwa kundi jipya lenye nguvu na hamu kubwa, nalo ni la marehemu, ambao sasa wamo chumba cha kwanza na watakuwa na mwakilishi kwenye kamati. Wastaafu walio hai waliendelea kuwa wanufaika. Mama Mkunga alipopelekewa barua ya uwakilishi aliuliza kama inakubalika zahanati. Akaambiwa haikubaliki. Akaitumia kuwashia jiko.

Dirisha la Semina likawa na foleni kuanzia asubuhi. Semina za watu wengine zilipita: moja ya utawala bora, nyingine ya uvuvi, kule kwenye hoteli mpya. Zote zilimpita akiwa amekaa pale, mikono imepakaa wino, anajifunza majina. Alianza kujua nani anaumwa nini, nani kafiwa na mke, nani anakuja si kwa mhuri bali kwa mazungumzo. Siku za kwanza aliona aibu kila mtu wa ofisini alipopita. Baadaye akawa anawaambia wapite upande ule, wasimzibie mwanga.

Zamu ya mama yake ilipofika, Semina alisimama, akataka kumvuta aje mbele. Mama akakataa. Akangoja nyuma ya tarishi kama wengine, akafika mezani anapepea uso kwa khanga.

"Inabidi nikuulize, mama," Semina akasema. "Ni utaratibu. Uko hai?"

"Uliza vizuri. Hata salamu?"

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Miguu imevimba, jicho linanitoa machozi, na dada yako ananinyima chumvi. Niko hai."

Semina akagonga mhuri, akaupuliza wino ukauke. Alitaka kumwambia kitu, akawa anatafuta aanzie wapi, lakini nyuma yao dereva wa treni aligonga fimbo chini.

"Jamani, familia nyie, mtasalimiana nyumbani! Wengine huku tunakaribia kufa kweli."